Chumvi huua injini ya boti ikiwa nchi kavu

KILA mwaka, pepo za kusi zianzapo kuvuma mwezi wa Aprili, bahari huchafuka na wavuvi wengi wa mwambao wa Kenya, kuanzia Vanga hadi Kiunga, huvipandisha vyombo vyao pwani. Chombo hukwanguliwa na kukarabatiwa, lakini injini aghalabu hufunikwa turubali na kusahauliwa. Kaskazi inaporejea, injini hiyo huwaka vizuri ufuoni, kisha ikachemka na kuzimika chombo kikiwa nje ya mwamba, mbali na msaada.

Chanzo cha balaa hilo ni maji ya chumvi yaliyoachwa ndani.

Tofauti na gari, injini inayofungwa nyuma ya boti haina rejeta. Pampu ndogo iliyo katika mguu wake huvuta maji ya bahari kwa gurudumu la raba lenye mapanga. Maji hayo hupita katika vijia vyembamba vinavyozunguka silinda, hubeba joto, kisha hurudi baharini. Sehemu ndogo hutokea kwenye kitundu kilicho ubavuni, na mchirizi huo ndio ishara kwamba pampu inafanya kazi.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yanayobaki ndani yakikauka, chumvi hugeuka ganda gumu. Ganda hilo huziba vijia, hukwamisha themostati, na kutu huanza kula madini.

Katika nchi za baridi kali kama vile Canada na Finland, adui ni barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, nguvu inayotosha kupasua injini ya chuma. Kwa hivyo, kabla ya majira ya baridi, wenye boti huondoa maji yote au hupitisha dawa isiyoganda. Kwetu hakuna barafu, lakini kanuni ni ile ile: maji ya bahari yasilale ndani ya injini.

Hatua za kufuata ni hizi:

Kwanza, osha injini kwa maji matamu. Isimamishe ndani ya pipa, maji yafunike kabisa matundu ya kuvutia na kufikia pampu. Ondoa rafadha ili isimjeruhi mtu, kisha washa injini bila kuitia gia, kwa mwendo wa chini, kwa muda wa dakika 10 hivi. Ni lazima ipate moto ili themostati ifunguke na maji yafike kila pembe. Maji ya pipa yakishakolea chumvi, yabadilishe na urudie. Fanya kazi hii mahali pa wazi, kwani moshi wake ni sumu.

Kamwe usiwashe injini pakavu. Raba ya pampu hulainishwa na maji, na yakikosekana huweza kuungua kwa muda mfupi mno.

Pili, baada ya kuizima, iache wima hadi maji yote yachuruzike. Ukiilaza mapema, maji yaliyosalia yanaweza kurudi na kuingia katika silinda.

Tatu, fungua pampu na uikague raba. Mapanga yaliyopinda, kupasuka au kukakamaa hayafai tena. Ikiwa panga moja limekatika, kitafute kipande chake, kwani huenda kimeziba njia ya maji.

Nne, tazama kipande cha zinki kilichofungwa kwenye mguu wa injini. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya injini. Kikiisha nusu, weka kingine, wala usikipake rangi.

Tano, mwaga oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zinahitaji kubadilishwa.

Siku ya kurejea baharini, utazame mchirizi kabla ya kung'oa nanga. Usipouona, zima injini mara moja. Kitundu chaweza kuwa kimezibwa na mchanga, nawe ukizibue kwa waya mwembamba. Mchirizi ukikosekana bado, usiondoke, mwite fundi.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Raba ya pampu ni kitu kidogo, lakini injini ikizimika nje ya mwamba, linalokuwa hatarini ni roho za mabaharia.