Ganzi ya mukono: karibu miaka 100 ya kutafuta ugonjwa pahali hauko

Mimi ni mutu wa agronomia, si muganga. Lakini mama mukubwa wangu amelima na jembe tangu utoto, na kila usiku alikuwa anaamuka saa nane, anakung'uta mukono sawa mutu mwenye kutoa maji kwenye vidole. Nyumbani tulisema: "Damu haipite." Nikaenda kusoma, nikakuta historia hii.

Mwaka 1880, kule Boston, James Jackson Putnam aliandika juu ya wagonjwa 37, wengi wao wanawake, waliokuwa wanaamushwa na ganzi ileile. Kukung'uta mukono kuliwapa nafuu. Naye alifikiri ni mambo ya mishipa ya damu. Kumbe nyumbani kwetu hatukukosea peke yetu!

Lakini tayari mwaka 1854, kule London, James Paget alikuwa ameeleza mugonjwa aliyevunjika kwenye kifundo cha mukono, na neva yake ikabanwa palepale. Hakuna aliyeunganisha hayo mawili.

Mwaka 1913, Ufaransa, Pierre Marie na Charles Foix walipasua maiti ya mama wa miaka 80 ambaye nyama ya kidole gumba ilikuwa imekauka. Wakakuta neva imevimba mbele ya kano pana ya kifundo, na chini ya kano imekuwa nyembamba. Sisi wa shamba tunaelewa haraka: ni mupira wa kumwagilia uliokanyagwa. Pale kwenye kifundo njia ni ndogo. Kamba 9 za vidole zinapita pamoja na neva moja. Zikivimba, neva njo inaumia.

Hao wawili waliandika kwamba kukata kano ile mapema kunaweza kusaidia. Hawakusikilizwa. Kwa miaka mingi waganga waliendelea kutafuta kwenye shingo, hata kutoa wagonjwa ubavu, na ganzi inabakia. James Learmonth alitangaza upasuaji wa kukata kano mwaka 1933. Ni kuanzia 1950 tu George Phalen, wa Cleveland, alifanya ugonjwa ujulikane kila pahali. Jaribio lake halihitaji mashini: kunja vifundo vyote viwili dakika moja, ganzi ikija, kuna mashaka.

Mama mukubwa alikuwa anatuambia kila mara: "Kidole kidogo hakina shida." Hatukusikia. Kumbe hiyo njo alama kubwa, juu neva ile inahudumia gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile kinachofuata. Kidogo kina neva yake. Muganga alimuuliza swali moja hilo, akamupa kifaa cha kushikilia kifundo usiku. Sasa analala.

Wenye mama wanaolima, muwaulize leo: ganzi iko kwenye vidole gani? Na kama nyama ya gumba inaanza kukauka, musingojee.