Kiambishi Hu- katika Somo la Maarifa ya Jamii

Hadi mwisho wa mwaka 1961 shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mgawanyo huo uliondolewa kisheria tangu Januari 1962. Mwaka 1967 Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huohuo Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwaka 1968 waelimishaji wa nchi kadhaa za Afrika walikutana Mombasa, na katika mkutano huo ukapatikana msingi wa mpango wa pamoja wa Maarifa ya Jamii, ambao makao yake yalikuwa Nairobi. Hivyo watoto wa jamii mbalimbali walikaa darasa moja, wakasoma kwa lugha moja, na hapana budi wafundishwe kujuana.

Yafaa basi tuchunguze sarufi ya mafunzo hayo. Mwalimu apendaye kuonyesha tofauti za mila huanza kwa sentensi za namna hii: Wamasai hufuga ng'ombe, Wachaga hulima kahawa, Wasukuma hulima pamba. Kiambishi hu- hakichukui nafsi wala hakitaji wakati. Kwa sababu hiyo chafaa sana kueleza kwamba jua huchomoza mashariki. Kikitumiwa kwa watu, chageuza historia kuwa maumbile.

Na tuitazame mifano hiyo. Kahawa ililetwa Kilimanjaro na wamisionari katika karne ya 19. Wachaga waliipanda, wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 ukaanzishwa ushirika mkubwa, KNCU. Hayo ni matendo ya watu katika miaka ijulikanayo, si tabia waliyozaliwa nayo. Ama Waarusha, wakaao kwenye miteremko ya Mlima Meru, lugha yao ni Kimaa kama Wamasai, lakini ni wakulima. Mtoto wa Kiarusha asomaye kwamba wasemao Kimaa hufuga tu, atajiona yeye ndiye kosa, ilhali kosa limo katika sentensi.

Hata majina ya makabila yana historia. Katika lugha ya Wasukuma wenyewe, sukuma maana yake ni kaskazini, na dakama ni kusini. Neno lililokuwa la kuonyesha upande likawa jina la kabila, likaandikwa katika madaftari ya serikali, na leo mtoto hulipokea kana kwamba lilikuwapo tangu mwanzo wa dunia.

Wako wasemao kwamba mtoto wa miaka tisa haelewi mambo haya, na kwamba sentensi fupi yamtosha. Sikubaliani nao. Mtoto huyo hutumia -li- na -ka- kila siku asimuliapo ya jana. Akiambiwa "walipanda, wakaungana, wakauza", ataelewa bila shida, tena atauliza: tangu lini, na kwa nini?

Shule zilipounganishwa mwaka 1962, ukuta wa sheria ulivunjwa. Tukiwafundisha watoto kwamba kila jamii ina tabia moja isiyobadilika, twajenga ukuta mwingine kwa silabi moja. Mwandishi wa kitabu cha shule na akiweke kiambishi hu- mahali pake, na watu awape nafsi na wakati.