Kama Vinu vya Pamba Vingekuwa Vyetu: Mapinduzi Ambayo Hayakufika Uganda, 1945–1949

Wapo wanahistoria wasiopenda swali la "ingekuwaje". Husema kazi yetu ni kueleza yaliyotokea, basi. Lakini kila tunaposema jambo fulani lilisababisha jingine, tunakiri kimyakimya kwamba bila lile la kwanza la pili lisingekuwapo. Kwa hiyo nauliza: ingekuwaje kama ujamaa ambao Waingereza waliupigia kura mwaka 1945 ungevuka bahari na kuibadili himaya yao, hasa hapa Uganda? Hoja yangu ni kwamba mapinduzi hayo hayakuhitaji kuletwa kutoka London. Mpango wake ulikuwa tayari mikononi mwa wakulima wa pamba wa Buganda. Walichokosa ni serikali ya kuwasikiliza.

Tuanze na Uingereza. Julai 1945 Chama cha Labour cha Clement Attlee kilishinda uchaguzi kwa kishindo. Benki Kuu ikawa mali ya taifa mwaka 1946, migodi ya makaa ya mawe 1947, reli 1948, na Julai 1948 ikaanza huduma ya matibabu bila malipo. Waziri wa Makoloni kuanzia 1946, Arthur Creech Jones, alikuwa mtu aliyetetea makoloni kwa miaka mingi bungeni. Oktoba 1945, mjini Manchester, akina Kwame Nkrumah, Jomo Kenyatta na George Padmore walikuwa wamekutana na kudai uhuru. Mtu angetarajia upepo huo ufike hadi Kampala.

Haukufika. Mkulima wa Uganda alilima pamba, lakini vinu vya kuichambua vilikuwa karibu vyote mikononi mwa Waasia na Wazungu. Bei ilipangwa na serikali, nayo ilikuwa chini ya bei ya soko la dunia. Tofauti iliingia katika mifuko iliyosimamiwa na serikali hiyohiyo, na akiba za makoloni zilizowekwa London zilisaidia kuitegemeza pauni. Kwa maneno mengine, mchimba makaa wa Wales alipewa mgodi, na mlima pamba wa Buganda alikatwa bei. Wakati huohuo London ilitumia takriban pauni milioni 36 katika mradi wa karanga wa Tanganyika, uliopangwa bila kumuuliza mkulima yeyote wa Kongwa, ukafa mwaka 1951. Huo ndio ujamaa uliotufikia: amri kutoka juu.

Tarehe 25 Aprili 1949 watu walikusanyika Mengo mbele ya ikulu ya Kabaka Mutesa II. Walitaka kuchagua machifu wao, kuongeza wajumbe wa kuchaguliwa katika Lukiiko, kuiondoa serikali ya Katikiro Kawalya Kagwa, kuchambua pamba yao wenyewe na kuuza mazao yao nje bila kizuizi. Madai mawili ya mwisho ndiyo moyo wa insha hii. Gavana John Hall aliona mkono wa Wakomunisti. Nyumba za machifu zilichomwa, hali ya hatari ikatangazwa, na Chama cha Bataka pamoja na umoja wa wakulima wa Ignatius Musazi vikapigwa marufuku.

Sasa tuwazie kwamba siku ile Creech Jones anamwamuru Hall akubali. Vinu vinanunuliwa kwa fedha za mifuko ya pamba, ambazo ni jasho la wakulima wenyewe, na kukabidhiwa vyama vyao. Wenye vinu wanalipwa fidia na mafundi wao wanabaki kazini. Kufikia uhuru wa 1962, mkulima angekuwa na zaidi ya miaka kumi ya kuendesha kiwanda na kukagua hesabu. Pengine pia chuki dhidi ya Waasia, aliyoitumia Idi Amin mwaka 1972, ingekosa sehemu kubwa ya kuni zake.

Lakini tusijidanganye. Ardhi ya mailo ilikuwa na wenyewe, na mashamba mengi yalilimwa na vibarua waliotoka Rwanda na Burundi. Madai ya Mengo hayakuwataja. Mapinduzi ya wenye mashamba yangeweza kuwaacha vibarua hao palepale walipokuwa. Hilo ni pingamizi zito, na sioni jibu lake katika madai yenyewe.

Pingamizi la pili ni kwamba ujamaa ulijaribiwa baadaye ukashindwa. Ukisimama juu ya kilima chetu cha Kibuli ukaangalia upande wa Mengo, katikati yapo mabonde ya Nakivubo. Hapo, tarehe 1 Mei 1970, Rais Milton Obote alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa katika makampuni zaidi ya 80. Tarehe 25 Januari 1971 Amin akampindua, na hakuna mkulima aliyeingia barabarani kuyatetea makampuni hayo. Kwa nini angeyatetea? Hayakuwahi kuwa yake. Yalitoka kwa tajiri yakaenda kwa waziri.

Hapa ndipo naona tofauti kati ya 1949 na 1970. Watu wa Mengo hawakuomba serikali imiliki vinu. Waliomba kuvimiliki wao. Hata Gavana Andrew Cohen alilikubali dai hilo kwa kiasi, kwani tangu 1952 vyama vya ushirika vilianza kusaidiwa kupata vinu. Kwa hiyo jambo lililoitwa uchochezi mwaka 1949 likawa sera miaka mitatu baadaye, bila waliolidai kuombwa radhi.

Tunapofundishwa historia ya ujamaa wa Uganda, huwa tunaanzia na Obote mwaka 1969. Napendekeza tuanzie Mengo, miaka 20 kabla yake, na tukisoma sera yoyote ya uchumi tuulize swali la wale wakulima: kinu ni cha nani, na nani anashika daftari la hesabu?