Fleeming Jenkin: Mhandisi wa Nyaya za Baharini na Barua Zake za Nyumbani

Kila aliyepita katika maabara ya fizikia ya shule yetu amepata kupima ukinzani wa waya kwa omu. Jina hilo ni la Mjerumani, Georg Ohm. Lakini kazi ya kukifanya kipimo hicho kuwa kimoja kwa watu wote ilianzwa na kamati ya wanasayansi wa Uingereza iliyoundwa mwaka 1861, na mmoja wa watu walioibeba kamati hiyo na kuandika taarifa zake alikuwa Fleeming Jenkin. Mtu huyu hatajwi sana. Naomba nafasi katika gazeti letu nimkumbuke, hasa kwa ajili ya vijana wanaotaka uhandisi na kwa wenzangu ambao kazi imewatenga na nyumba zao.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1833, mtoto wa pekee wa ofisa wa jeshi la majini. Alisoma Edinburgh, kisha Frankfurt, kisha Paris, ambako aliyaona kwa macho yake mapinduzi ya Februari 1848. Familia ikahamia Genoa, Italia, naye akapata shahada katika chuo kikuu cha huko na kufanya kazi katika karakana ya garimoshi. Aliporudi kwao mwaka 1851, alianza upya kama mwanagenzi kiwandani Manchester, na mikono ikajaa mafuta kama ya mwanagenzi mwingine yeyote.

Jina lake lilitokana na bahari. Mwaka 1858 alisafiri na meli iitwayo Elba kwenda kuopoa waya wa simu uliolala kati ya kisiwa cha Sardinia na pwani ya Aljeria. Yeye ndiye aliyesimamia kuipakia meli hiyo mashine za kuvutia waya. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: meli huburuta chini ya bahari ndoana kubwa mfano wa nanga, mpaka inase waya ambao hakuna anayeuona, kisha waya huvutwa polepole, huku kila mtu akiomba usikatike. Ukikatika, mnaanza tena. Miaka miwili baadaye, mwaka 1860, waya mwingine wa sehemu hizo, uliotandazwa mwaka 1857, ulipandishwa kutoka kina cha pima 1,200 hivi, yaani zaidi ya meta 2,000. Ulikuja na wanyama wa baharini waliokua juu yake, hata matumbawe. Wakati huo wataalamu wengi walishika kwamba chini ya pima 300 hakuna kiumbe kinachoishi. Waya uliokatika ukawa shahidi dhidi yao.

Je, tumejuaje habari za ndani ya meli hizo, joto, kichefuchefu, furaha ya waya uliopatikana, hasira ya waya uliopotea? Si kwa taarifa za makampuni. Sisi tunaoshinda na majalada ofisini tunajua kwamba jalada hukuambia kazi ilikamilika tarehe fulani, basi. Habari hizo zimo katika barua ambazo Jenkin alimwandikia Anne Austin, kwanza akiwa mchumba, na baada ya Februari 1859 akiwa mkewe. Aliandika karibu kila siku, hata kama hapakuwa na bandari ya kuzitia posta. Anne alizitunza. Kwa maoni yangu, historia ya nyaya za baharini ina deni kubwa kwa mama huyo kuliko kwa mweka kumbukumbu yeyote.

Sanaa waliyojifunza watu hao katika Mediterania ndiyo iliyoleta waya kutoka Aden hadi Unguja mwaka 1879, na kutoka hapo kwenda Msumbiji na Durban.

Anne alipojifungua mtoto wao wa pili, aliugua mno. Jenkin alikimbia maili mbili kumwita daktari, akarudi amelowa jasho, akakaa usiku kucha penye upepo wa baridi akimshika mgonjwa mkono, asithubutu kuuachia asije akamwamsha. Mgonjwa alipona. Yeye alipata baridi yabisi iliyomsumbua maisha yake yote.

Mwaka 1868 alikuwa profesa wa kwanza wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, ingawa safari hazikuisha: mwaka 1873 alikwenda na waya wa Brazili. Likizo alizitumia na mkewe na watoto wao watatu wa kiume. Huko milimani Austria walijifunza lahaja ya wenyeji, na mume na mke wakacheza ngoma zao. Mwanafunzi wake mmoja mtoro sana, Robert Louis Stevenson, aliishia kuwa rafiki wa nyumba hiyo, na ndiye aliyeandika maisha yake na kuzichapa baadhi ya barua hizo. (Watoro wetu wasichukue habari hii kuwa ruhusa.)

Alifariki tarehe 12 Juni 1885, kufuatia upasuaji mdogo wa mguu, akiwa na miaka 52. Reli yake ya kuning'inia, iliyobeba mizigo kwa nguvu za umeme, ilifunguliwa Glynde, kusini mwa Uingereza, Oktoba mwaka huohuo. Mtoto wake Charles Frewen, yule wa pili, aliteuliwa mwaka 1908 kuwa profesa wa kwanza wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Oxford.