Ikwiriri: Kituo Kilichoanzia Kwenye Daftari la Kaya

Mwishoni mwa mwaka 1998 wakusanyaji takwimu walianza kupita nyumba hadi nyumba katika kata za Ikwiriri, Umwe, Mgomba, Kibiti, Mchukwi na Bungu. Maswali yao yalikuwa ya kawaida kabisa: nani anaishi hapa, mtoto huyu kazaliwa lini, mama yake yu hai, yule aliyehama kaenda wapi. Sensa hiyo ya mwanzo ilimalizika mapema 1999. Takriban watu 85,000 wa vijiji 31 walikuwa wameandikishwa, na kila kaya ina namba yake. Hivyo ndivyo wilaya ya Rufiji ilivyopata kituo cha utafiti wa afya, makao yake yakiwa Ikwiriri.

Chimbuko lake lilikuwa ubishi wa kitaalamu. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyosema nchi maskini zinaweza kupunguza vifo vingi kwa fedha kidogo, mradi fedha hizo ziende kwenye maradhi yanayoua zaidi. Shirika la utafiti la Kanada, IDRC, likataka dai hilo lijaribiwe. Likashirikiana na Wizara ya Afya ya Tanzania katika mradi wa TEHIP, na wilaya zilizochaguliwa zikawa Rufiji na Morogoro. Lakini utaelekezaje fedha kwenye ugonjwa unaoua wakati hujui nani kafa na kafa kwa nini? Wengi walikuwa wanafia nyumbani na kuzikwa siku hiyohiyo au kesho yake, na zahanati haina habari.

Ndipo ikaja kazi ambayo mimi naihesabu kuwa roho ya kituo. Kila kitongoji kilikuwa na mtu wa kutoa taarifa za vizazi na vifo. Baada ya siku za msiba kupita, msimamizi aliyefundishwa alikwenda kukaa na aliyemuuguza marehemu. Kama ni mtoto, aliuliza: homa ilianza lini? Aliharisha siku ngapi? Choo kilikuwa na damu? Macho yaliingia ndani? Alikuwa bado ananyonya? Mlimpeleka wapi kwanza, na baada ya hapo wapi? Majibu yaliandikwa, kisha madaktari waliyasoma kila mmoja peke yake na kuamua chanzo cha kifo. Kumuuliza mama mambo hayo ni kazi nzito, na waliojibu ndio wanaostahili kutajwa kwanza katika kumbukumbu hii.

Majibu yao yalibomoa maneno mengi. Ilikuwa imezoeleka kusemwa kwamba watoto wa vijijini wanakufa kwa malaria kwa sababu wazazi wanakimbilia kwa mganga. Uchambuzi wa vifo vya malaria vya miaka ya mwanzo ya kituo, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba karibu asilimia 79 ya wagonjwa hao walitafuta kwanza tiba ya kisasa. Walioanza kwa mganga hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Akina mama wa Rufiji walikuwa wamefanya walichoambiwa wafanye. Tatizo lilikuwa huko walikopokelewa: dawa iliyokwisha nguvu, au zahanati isiyo na kitu. Kama kituo kisingefanya lolote jingine, kwangu mimi hilo pekee lingetosha kukipa heshima.

Upande wa bajeti nao ulitikisika. Hesabu za mwanzo za Morogoro zilionyesha malaria ikichukua kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, huku ikitengewa asilimia 5 tu ya fedha za afya za wilaya. Halmashauri zilipoletewa picha hiyo kwa michoro inayosomeka, zikapanga upya. Wahudumu wakafundishwa kumwangalia mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, yaani homa, kifua, kuharisha na lishe kwa pamoja, badala ya kutibu kile kimoja alicholetewa. Fedha za nyongeza zilizotumika hazikufika dola moja ya Kimarekani kwa mkazi kwa mwaka. Katika muda wa miaka mitano hivi, vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Vyandarua navyo vina sehemu yake katika hesabu hiyo.

Mradi ulipokwisha, daftari halikufungwa. Kituo kiliingia chini ya taasisi ya Ifakara, ile iliyoanzia kwenye maabara ya Waswisi miaka ya 1950 na ambayo tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Hapo Rufiji ndipo dawa mseto ya malaria ilipojaribiwa kwa wilaya nzima. Mwaka 2011 wakaja WAJA, vijana wa vijijini waliosomeshwa miezi tisa na kulipwa mshahara, wakibeba dawa za malaria, ORS na zinki hadi mlangoni.

Sasa nije kwenye chakula na tumbo, kwa sababu naona huko ndiko daftari hili linakotuelekeza. Mrufiji anakula kwa kufuata mto. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda miinuko kama Ikwiriri, lakini mashamba yalibaki bondeni. Familia hushuka kulima mpunga na mahindi, na maji yakipungua hupanda mlau, mazao ya unyevu unaobaki. Hukaa wiki nyingi kwenye madungu wakilinda mazao dhidi ya nguruwe na viboko. Kuna miezi ya wali na kambale, na kuna miezi ya muhogo na kisamvu. Njaa ikikaza kuna ndiga, kiazi cha porini chenye sumu ambacho lazima kikatwe na kulowekwa kabla ya kupikwa.

Vijidudu wema wa utumbo hubadilika pamoja na sahani. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walilionyesha hilo katika utafiti uliochapishwa 2017: jamii za bakteria tumboni mwao zilipungua na kurudi kwa kufuata majira ya mvua na kiangazi. Mwaka 2025 ukafuata utafiti wa Kilimanjaro uliowahusisha wanaume 77. Waliohamishwa kutoka chakula cha asili kwenda chakula cha Kizungu kwa wiki mbili tu, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani, na kwa waliokunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja dalili hizo zilipungua. Wataalamu wetu walikuwa wamelianza jambo hili zamani. Miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania, akiwemo Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe, walionyesha kwamba watoto waliopewa uji uliochachushwa, togwa, waliharisha kidogo kuliko waliopewa uji wa kawaida. Asidi inayotengenezwa na bakteria wa togwa huwazuia wadudu wa kuharisha wasistawi.

Tafiti za namna hiyo zina udhaifu mmoja: zinawajua watu kwa muda mfupi. Ikwiriri tangu mwanzo ilizitembelea kaya zake mara tatu kwa mwaka, kila baada ya miezi minne. Mzunguko huo uliwekwa kwa ajili ya kuhesabu vizazi, vifo na uhamaji, lakini uliugawa mwaka wa Rufiji karibu sawasawa na chakula chake. Anayetaka kujua mtoto aliyeachishwa ziwa wakati wa mafuriko anatofautiana vipi na aliyeachishwa wakati wa mavuno, tarehe ya kuzaliwa anayo, jina la mama analo, na nyumba anaijua.

Pengo lipo, nalo ni kubwa. Kata zile sita za mwanzo zote ni za nchi kavu. Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala, kata za delta ambako mtu anakwenda zahanati kwa mtumbwi kwa kungojea maji kujaa, hazikuwemo. Huko chakula ni samaki, kamba na mpunga, na visima huingia chumvi. Sasa delta yote iko wilaya ya Kibiti, na bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, linabadilisha namna mto unavyofurika. Watu wa delta wanapaswa kuandikwa sasa, wakati kina mama wao bado wanakumbuka walikuwa wakipika nini mwezi gani.