Liwali Gálvez na Ngome za Waingereza Mtoni Mississippi

Marekani itimizapo miaka 250 ya uhuru, tarehe 4 Julai 2026, majina ya Washington na Lafayette hayakosi kutajwa kwa taadhima, ilhali Bernardo de Gálvez, liwali wa Kihispania wa Louisiana, aghalabu hukumbukwa kwa mji wa Galveston tu, na watu weusi waliopigana chini ya bendera yake hawatajwi kabisa.

Hispania ilipotangaza vita dhidi ya Uingereza mwezi Juni 1779, Gálvez aliazimu kuwawahi Waingereza ngomeni mwao. Lakini tarehe 18 Agosti tufani iliupiga mji wa New Orleans na kuzamisha vyombo vyake. Akawakusanya raia uwanjani, akawaambia kwamba amepewa cheo cha liwali kamili, wala hataapa kuilinda nchi ila wao nao wawe radhi kumsaidia. Wakaridhia kwa shangwe, na tarehe 27 safari ikaanza.

Katika watu 670 hivi waliotoka mjini, 80 walikuwa weusi na machotara waungwana, na njiani waliongezewa wakulima wa Kiakadia na wa Kijerumani pamoja na wenyeji asilia. Ngome ya Bute, huko Manchac, ilitekwa alfajiri ya tarehe 7 Septemba.

Kazi hasa ilikuwa Baton Rouge, ambako Luteni Kanali Alexander Dickson alijifungia na askari wake katika boma lenye mizinga 13, lililozungukwa na handaki la upana wa futi 18. Gálvez, akijua kwamba wengi wa wanamgambo wake ni watu wenye ahali na watoto, na kwamba kulivamia boma lile ni kuitia koloni nzima msibani, aliona heri atumie hila. Usiku aliwatuma wanamgambo, weusi na wenyeji msituni, wakate miti kwa vishindo na kufyatua bunduki, hata Waingereza wakadhani mizinga inatengenezewa mahali huko, wakapiga risasi na makombora gizani bila ya faida. Kumbe mizinga yenyewe ilikuwa ikichimbiwa bustanini, upande mwingine. Tarehe 21 Septemba ilinguruma tangu alfajiri, na alasiri Dickson akasalimu amri, akatoa na Ngome ya Panmure huko Natchez pasipo vita.

Mobile ikafuata 1780, na Pensacola 1781.

John Walton Caughey, ambaye kitabu chake cha 1934 ndicho tegemeo langu kubwa, anaonyesha kuwa Gálvez mwenyewe, katika taarifa yake, aliwashuhudia wale weusi na machotara kwamba walikuwa daima mstari wa mbele, na kwamba ushujaa na ukarimu wao haukupungua ule wa Wazungu. Sanamu ya jemadari juu ya farasi ipo Washington tangu 1976, na mwaka 2014 Bunge la Marekani lilimpa uraia wa heshima. Anastahiki; lakini kwa kuwa ushahidi huu ni wake yeye, naona ni dhuluma kumtukuza shahidi na kuwaacha aliowashuhudia.