Barua Niliyoiandika kwa Mwandiko Mzuri

Mwaka jana binti mmoja wa hapa Galula, muuguzi mwenye shahada, alinijia jioni na karatasi zake. Alikuwa anaomba kusoma shahada ya uzamili ya uuguzi, miaka miwili, na alitakiwa kupeleka barua ya mtu anayemfahamu tangu utotoni. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu mkuu alipoanza darasa la kwanza. Nilimwambia aziache mezani, nikakaa nazo siku tatu. Si kwamba sikuwa na la kusema. Mara ya mwisho nilipoandika barua juu ya masomo ya mtu wa afya, niliandika kumzuia.

Msomaji kijana huenda hajui tulikotoka. Mwaka 1926 serikali ya Kiingereza, wakati Dakta Shircore akiwa mkuu wa idara ya uganga Tanganyika, ilianzisha madresa wa serikali za wenyeji. Hao walikuwa vijana waliofundishwa kwa muda mfupi kuosha vidonda, kufunga bendeji na kutoa dawa chache. Baadaye ngazi nyingine zikaongezwa: mganga msaidizi vijijini, mganga msaidizi, na juu yake daktari msaidizi. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo wenye shahada hawakufika 20 nchi nzima. Chuo cha uganga kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1968 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu. Lakini daktari hapikwi kwa siku moja, na wengi waliohitimu walibaki mijini.

Hivyo basi nchi iliegemea njia nyingine. Ilimchukua mganga msaidizi aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa, ikamrudisha darasani na wodini kwa miaka miwili, Ifakara, Bugando au kwingineko, akatoka akiwa daktari msaidizi mwenye ruhusa ya kushika kisu. Mama aliyeshindwa kujifungua, ngiri iliyojinyonga, mfupa uliovunjika: yote aliyakabili. Kwa maoni yangu hayo ndiyo yaliyokuwa masomo ya juu ya watu wa afya katika nchi hii, ingawa hakuna aliyevishwa joho wala kupigwa picha na kofia.

Mwaka 1982 mganga msaidizi wa bondeni kwetu alichaguliwa kwenda kuyasoma. Kijiji kikakaa kikao. Wazee walisema, huyu akiondoka nani atawachoma watoto sindano za malaria? Tulijua kwamba akihitimu hatarudi, kwani kwetu hapakuwa na chumba cha upasuaji. Mimi nilikuwa katibu wa kikao, na mwandiko wangu ulisifiwa tangu chuo cha ualimu. Niliandika kurasa mbili, nikaeleza kwa heshima zote kwamba wananchi wanaomba asiachiwe. Ofisi ikakubali. Yeye hakusema neno. Kesho yake alifungua mlango wa zahanati saa moja na nusu kama kawaida.

Machi 1983 mke wa mdogo wangu alishikwa na uchungu, mtoto akiwa amekingama tumboni. Songwe ulikuwa umefurika, na dizeli miaka ile ilitafutwa kama dhahabu. Tulichangishana makopo, tukapata lori la mpunga, tukapanda usiku kuelekea Mbalizi. Mganga alikaa nyuma na mgonjwa, juu ya magunia. Nilimwuliza kama hakuna la kufanya. Akanijibu, "Linalotakiwa nalijua, Mwalimu. Kulifanya ndiko sijafundishwa."

Alfajiri tulifika kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Daktari wake mmoja alikuwa safarini. Daktari msaidizi hawakuwa naye. Shemeji yangu alifariki saa tatu asubuhi, na mtoto tumboni.

Nimepiga hesabu hiyo miaka mingi. Barua yangu haikumwua. Kama mganga yule angeachiwa, mwezi ule angekuwa bado darasani. Lakini ni vijiji vingapi vilivyoandika barua kama yetu, na hospitali ngapi zilikosa mtu kwa sababu hiyo? Tulimng'ang'ania wa kwetu, na wengine wakawang'ang'ania wa kwao.

Aliondoka mwaka 1984. Kama tulivyohofu, hakurudi Galula. Alipangwa hospitali ya mbali. Mwaka 1995 binti yangu, aliyeolewa huko, alipasuliwa na yeye, na mama na mtoto wakapona. Nilikwenda kumshukuru. Baada ya chai alisema tu, "Ile barua waliponionyesha, mwandiko niliutambua." Kisha akaniuliza habari za mvua.

Mwaka 2009 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa katika hospitali 14 za mikoa ya Mwanza na Kigoma, juu ya upasuaji wa uzazi zaidi ya elfu moja. Sehemu kubwa ilifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakuonekana kutofautiana na ya madaktari wenye shahada. Nilipoisoma nilitamani rafiki yangu angekuwa hai aione. Maana yeye, baada ya miaka mingi ya kisu, alipouliza namna ya kuendelea hadi udaktari kamili, aliambiwa aanze mwaka wa kwanza na vijana waliotoka kidato cha sita. Hakwenda. Sisi walimu tulipanda madaraja bila kurudi darasa la kwanza, na mpaka leo sijaelewa kwa nini kwake ilikuwa lazima. Cheo chake kilibaki na neno "msaidizi" hadi alipostaafu, wakati usiku mwingi hapakuwa na mtu wa kumsaidia.

Siku ya nne nilimwandikia yule binti barua yake. Mkono siku hizi unatetemeka, ikabidi niinakili mara mbili. Alipokuja kuichukua nilimwuliza nani atashika zamu zake hiyo miaka miwili. Akasema wamebaki wawili tu, na mmoja wao ni mjamzito.